Mguu wa Mama Mkwe

Nilitoka hospitali ya Njombe na cheti cha udresa, kaptula mbili za kaki, na maringo ya kuwatosha watu kumi. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili, na serikali ya wenyeji ilinipangia zahanati mpya upande wa Mahongole, mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu kutoka Makambako. Jengo lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi na paa la nyasi. Mbele mlango, nyuma dirisha, ukutani ubao mrefu wa kukalia wagonjwa, na pembeni kabati la dawa ambalo ufunguo wake niliuvaa shingoni.

Kabati halikuwa na mengi. Palikuwa na kwinini, chumvi ya haluli, aidini, dawa ya zambarau ya vidonda, na ile ya kuoshea ambayo ukitia chembe mbili tu maji yote yanageuka rangi ya waridi. Kazi yangu ilikuwa kusafisha vidonda, kugawa vidonge, kuandika majina daftarini, na kumpeleka Njombe yeyote ambaye ugonjwa wake umenizidi. Dresa si daktari. Hilo nililijua mimi na mwalimu wangu, lakini watu wa pale hawakulijua, na mimi sikuona haraka ya kuwaambia. Waliniita mganga. Walinipisha njiani, na aliyepona hakuja mikono mitupu. Nilipewa mayai, nikapewa viazi, nikapewa ulanzi, ile pombe ya mianzi ambayo Mlutheri mwema angeikataa. Sikukuu ya kwanza ya Krismasi nililetewa majogoo watatu. Mwalimu wetu kule Njombe alikuwa hachoki kutuambia kwamba dawa ni ya mgonjwa, dresa kazi yake ni kuifungulia kabati tu. Maneno hayo niliyaandika kwa mwandiko mzuri. Kisha nikala majogoo.

Mke nilimpata hapohapo, ng'ambo ya kijito. Na kwetu Wabena, siku zile, ukioa umepata watu wawili: mke, na mama yake, ambaye ni mzito kuliko mke. Mama mkwe humtazami usoni. Huli mbele yake, hutaji jina lake, hukai naye chini ya paa moja. Hiyo haikuwa chuki, ilikuwa heshima, na mtu mwenye malezi aliifuata bila hata kufikiri. Kanisani mambo yalikuwa rahisi, kwa kuwa wanaume walikaa kulia na wanawake kushoto, na siku ya Chakula cha Bwana nilijipanga kundi la mwisho ili tusije tukapiga magoti mstari mmoja. Mwaka mzima wa ndoa yangu nilimjua mama mkwe kwa kisogo.

Jioni moja mke wangu aliniwekea ugali na maharage, akakaa, akasema mama yake ana donda mguuni. Nikauliza tangu lini. Akasema tangu palizi, alijikata na jembe juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Wakati huo sisi tulikuwa tunavuna. Nikauliza, kwa ile sauti yangu ya kazini, mbona hakuja zahanati. Mke wangu aliniangalia kwa huruma, akanisogezea mboga.

Ndipo akili iliponijia. Kwenye ubao wangu walikaa Walutheri, wakakaa Wakatoliki wa ng'ambo ya kilima, wakakaa Wakinga na Wapangwa waliopita kwenda kutafuta vibarua. Hata dereva wa lori aliyekwama Makambako aliletwa na jino lake. Zahanati ilikuwa ya wote, na nilipenda kulisema hilo kwa sauti. Kumbe alikuwepo mtu mmoja ambaye mlango ule kwake ulikuwa umefungwa, na kufuli yenyewe ilikuwa mimi.

Kwanza nilimtuma mke wangu na chupa ya dawa, bendeji safi na maelezo marefu. Chupa ilirudi kesho yake, haijafunguliwa, imefungwa vizuri katika kitambaa kilichofuliwa. Mama alishukuru sana, lakini alisema kitu kilichotoka mkononi mwa mkwe hakipakwi mwilini. Kitambaa tulibaki nacho.

Nikaona nifuate njia ya wazee. Kwetu mkwe akileta zawadi, aibu inapungua kidogo, basi nikamwita baba mdogo wa mke wangu, yule aliyekuwa mshenga wetu, nikampa jembe jipya na blanketi zito la kijivu nililolinunua Makambako. Alikwenda asubuhi, akarudi mchana akinuka ulanzi, na jibu lake lilikuwa fupi.

"Jembe linafungua mdomo," alisema. "Kuanzia leo mnaweza kuamkiana kwa mbali. Mguu ni habari nyingine."

Nikauliza ni nini basi kinachofungua mguu. Alifikiri, akasema tangu azaliwe hajapata kusikia mtu akiuliza swali kama hilo.

Mke wangu aliacha kutania. Alisema harufu sasa unaipata ukiwa bado uani, na nzi wamejua. Nilijua hilo ni donda ndugu, linalokula nyama mpaka lifike mfupani. Njombe nilishawahi kushika taa wakati mguu wa mtu unakatwa, na sikutaka kuiona kazi ile tena, hasa kwa mjane anayelima mashamba mawili peke yake kwenye miinuko ile. Mwanamke wa kwetu mwenye mguu mmoja atalimaje? Nilituma neno kwamba ndugu zake wamchukue hadi Makambako wapate lori la kwenda Njombe. Jibu likaja kwamba Njombe ni mbali na zahanati ipo hapa.

Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa nitamzika mama wa mke wangu kwa sababu ya adabu nzuri.

Ilikuwa Jumanne, siku ya vidonda. Ubao umejaa, mimi nimeinama kwenye goti la mzee mmoja, nikasikia watu wanasogea. Wanaume wawili walikuwa wameingia na machela ya miti, wakamteremsha mwanamke aliyejifunika blanketi zito la kijivu, wakamkalisha mwisho wa foleni kama mgonjwa yeyote. Niliinua macho. Nikalitambua blanketi kabla ya mtu.

Nikaruka dirishani.

Sikuamua kuruka. Miguu yenyewe iliamua, kama ilivyofundishwa. Nilijikuta nyuma ya zahanati katikati ya magugu, pamba bado mkononi, na mzee wa goti ndani akiuliza kama matibabu yake yamekwisha. Jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyenicheka. Niliwasikia kupitia dirisha wakinisifu. Mama mmoja alisema, huyu kijana amelelewa. Mwingine akasema hata vijana wa shule ya misheni ya Kidugala waliosoma sana hawana tena adabu kama hiyo. Nikasimama pale nje nikivimba kichwa, huku ndani mguu wa mtu unaoza.

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikisema zaidi ya wimbo wa kanisani. Hakupaza. Alizungumza na wale waliokaa naye, ila kwa namna ya mtu anayejua dirisha liko wapi.

"Mwambieni mganga arudi," alisema. "Sikuja kwa mkwe wangu. Nimekuja zahanati. Nyasi za paa hili nilizikata mimi, nikazibeba kwa kichwa siku nne, kabla yeye hajamjua mwanangu. Kama anaona aibu, afumbe macho, lakini mikono yake naitaka."

Mimi nilisimama kwenye magugu nikitazama zile nyasi juu ya ukuta. Tangu nifike nilikuwa nimekaa chini yake nikipokea mayai, na sikuwahi kujiuliza nani alizikata. Niliona aibu, na safari hii haikuwa ile ya ukwe.

Nikaingia kwa mlango, uso ukitazama kabati. Yule mama aliyenisifu malezi ndiye aliyepata wazo. Alichukua blanketi la kijivu, akalitundika kwenye kamba ya kuanikia bendeji, likakigawa chumba vipande viwili. Mama mkwe akabaki upande wake na heshima yake yote. Chini ya blanketi ukasogea mguu wa kushoto, taratibu, ukapanda kwenye kigoda.

Niliuosha. Donda lilikuwa pana kama kiganja na lilinuka vibaya, lakini mfupa ulikuwa bado haujaonekana. Maji ya waridi yaliporudi meusi niliyamwaga nikaanza tena. Najua aliumia, maana vidole vya mguu vilikuwa vinajikunja kila nilipogusa pembeni, lakini hakutoa sauti, na mimi sikusema pole, kwa kuwa jembe lilifungua salamu za mbali tu na pale tulikuwa karibu mno. Nilifunga bendeji. Mguu ukarudi chini ya blanketi.

Likaja tatizo la daftari. Kila mgonjwa lazima aandikwe jina, na jina lile mimi siwezi kulitamka wala kuliandika. Nilikaa na kalamu hewani kwa muda, kisha katika nafasi ya jina nikaandika: Mguu wa Kushoto. Mwanamke, mtu mzima. Daktari Mzungu alipokuja kukagua kutoka Njombe alisoma kurasa zile mara mbili, akauliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata huyu Mguu wa Kushoto ni mtu wa kabila gani, na mbona anakuja kila Jumanne na kila Ijumaa. Nikamweleza. Alilitazama blanketi, akaulizia ukubwa wa donda, akaguna kwamba linapungua. Halafu akasema mwanamke yule ana bahati kuwa na mkwe kama mimi.

Maneno hayo niliyabeba mpaka nyumbani kama sahani ya nyama. Mke wangu, ambaye hajawahi kuniachia kitu, aliyafikisha ng'ambo ya kijito siku ileile, na jibu likarudi siku ileile. Mama alisema kwamba bahati ni kuokota kitu njiani, na yeye hakuokota, alikata nyasi.

Blanketi halikushuka tena. Juma la pili alikuja mwanamwali mmoja akaomba atibiwe "kule nyuma", naye hakuwa na ukwe wowote na mimi. Akafuata mzee wa kanisa mwenye ugonjwa ambao mzee wa kanisa hapaswi kuwa nao. Wakafuata wake wa watu niliokunywa nao ulanzi, na jirani niliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, ambaye nilimtambua kwa kikohozi. Hawa wote walikuwa wakiugua mwaka mzima hatua chache kutoka kwenye kabati langu, na mimi nilidhani ni wazima. Kumbe walikuwa wananikimbia mimi, kila mmoja kwa sababu yake.

Donda lilichukua miezi mitatu kufunga. Ijumaa moja nilifungua bendeji nikakuta ngozi mpya, nyororo, ya rangi ya waridi, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nilimwambia mke wangu, aliyekuwa amesimama mpakani mwa blanketi, amwambie mama yake kwamba hana haja ya kuja tena. Mguu ulikaa kwenye kigoda kidogo, vidole vikachezacheza, kisha ukaondoka. Kuku hakuletwa, wala yai. Wiki mbili nzima nilitazama njia ya kijito nikisubiri, nakiri hilo, na mke wangu akawa ananiuliza kama nimepoteza kitu kule.

Mvua za kwanza zilipoanza nilitumwa Makambako kuchukua kasha la dawa. Nilirudi kabla ya saa sita, kasha begani, ukungu umeanza kunyanyuka. Kwenye kona karibu na miti ya miwati tukakutana uso kwa uso, yeye anakwenda shamba, jembe jipya begani. Hatukupewa nafasi ya kujiandaa, wala yeye wala mimi. Nilijitupa kichakani upande wa kulia na kasha langu, nikainama chini.

"Kamwene," nikamwamkia, huku nikitazama udongo.

Aliitikia, lakini tayari sauti ilikuwa inatoka mbali. Niliinua kichwa. Mama mkwe alikuwa ameacha njia, anaruka matuta ya watu, khanga imekunjwa mpaka magotini, ananikimbia kwa heshima zake zote, kwa miguu yote miwili. Nilikaa palepale kichakani nikamtazama mpaka akavuka kilima.