Pipi za Karatasi ya Bluu

Mama yangu hakuogopa nyoka, wala askari, wala mkuu wa kambi aliyepita nyumba kwa nyumba kukagua usafi. Aliogopa pipi.

Si pipi za dukani. Hizo alizipenda kuliko sisi watoto. Aliogopa pipi iliyopikwa na mtu mwingine kwenye sufuria yake, ikafungwa kwa karatasi, ikatiwa mkononi mwa mtoto siku ya Bonana. Na kwetu Likasi, Bonana ilikuwa siku ya mambo hayo hasa. Asubuhi ya mwaka mpya tulivishwa nguo mpya na viatu vya kutubana, tukaenda mlango kwa mlango kwenye barabara yetu ya kambi ya wafanyakazi. Unabisha hodi, unasema "Bonana", mwenye nyumba anakutilia kitu mfukoni. Miaka ile serikali ilikuwa imeifuta Noeli kwenye sikukuu zake, baba zetu wakaingia kazini siku hiyo kama siku yoyote, kwa hiyo raha yote ya watoto ilikuwa imehamia Bonana. Sasa fikiria: unarudi nyumbani na mfuko umejaa, umechoka kujizuia njia nzima, halafu unamkuta mama amekaa mlangoni na beseni.

"Mimina," anasema.

Tunamimina. Mama ananusa, anabonyeza kwa kidole gumba, anainua kitu juu kukitazama kwenye mwanga. Biskuti za dukani ambazo pakiti zake zimefunguka alimpa kwanza baba azionje, kwa sababu baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha asidi, na mama alikuwa na hakika kwamba tumbo lake lilishazoea kila kitu. Baba alitafuna polepole, macho ameyafumba, kama mtu anayefanya kazi ngumu.

"Sijajua vizuri bado," alisema. "Leta ingine."

Lakini kitu cha kupikwa nyumbani hakikuwa na rufaa. Habari ya bulozi ilijulikana kwetu: mulozi, yaani mchawi, anampa mtoto kitu kitamu, mtoto anakula, na tangu siku hiyo mtoto ni wake. Na hukumu ilikuwa na utaratibu wake. Kitu kama hicho, mama alisema, hakilali ndani ya uwanja wako, hakitupwi kwenye shimo lako la taka. Kinatupwa kwenye mfereji wa barabarani, kiende na maji kikamtafute mwenyewe. Basi kilienda.

Pipi zilizohukumiwa kila mwaka bila kukosa zilikuwa za kambo. Kambo kwetu ni nyanya, yaani bibi, na huyu hakuwa nyanya ya mtu yeyote, ndiyo ilikuwa shida yake. Alikuwa mjane, mume wake alikuwa mtu wa kiwandani kama baba zetu, na aliishi peke yake katika nyumba ya mwisho, kule chini mteremko unapoishia. Akina mama walimjadili kwenye bomba la maji, wakiongozwa na mama yangu.

"Hana mutoto, hana mujukuu," mama alisema, "lakini kila Bonana anapika sukari kilo mbili. Anapikia nani? Minye sikatae, bonbon yake inanukia muzuri. Lakini hatuone vile anapika."

"Anatupikia sisi," nilisema. Nikafinywa sikio.

Pipi zenyewe zilikuwa za sukari na maziwa ya unga, zimekatwa kwa kisu, zimefungwa kwa karatasi ya bluu iliyosokotwa ncha mbili. Sikuwahi kuonja hata moja. Nilinusa tu, kutoka mlangoni pake hadi kwenye beseni, na harufu ile ilinitesa mpaka Pasaka. Lakini kulikuwa na kitu kilichonitesa zaidi. Kila Bonana kambo alikuwa amesimama mlangoni na sinia lake tangu alfajiri, na kabla ya kumpa mtoto pipi alimshika kidevu akamwuliza, "Ile ya mwaka jana ilikuwa tamu?"

"Tamu sana, kambo," tulijibu wote, haraka, kama tunavyojibu padri. Mimi bulozi sikuuogopa. Niliogopa kwamba siku moja atajua pipi zake zinakwenda wapi, na atajua nikiwa nimesimama mbele yake.

Mwaka ninaousema, mama aliamua na yeye apike. Alichoma karanga, akazimwagia sukari iliyoyeyuka, akakata vipande, akafunga kwa karatasi ya kaki na uzi mwekundu kutoka kwenye mashine yake ya kushona. Alijisifu siku nzima. Watoto wa barabara yote walipopita aliwapa viwili viwili huku akiwaambia wawasalimie mama zao. Halafu sisi tuliporudi, yuleyule mama, na vidole vyake bado vinanata sukari, akavuta beseni akasema tumimine. Pipi za kambo zikaenda kwenye mfereji. Nilinuna, na sikuficha.

Mchana ikanyesha mvua. Mvua yetu ya Januari haina adabu, inakuja yote kwa mara moja. Ilipopungua tukasikia mtu anaita kule chini. Mfereji ulikuwa umeziba mbele ya nyumba ya kambo, pale unapopita ndani ya bomba la saruji chini ya daraja lake dogo, na maji yalikuwa yanaingia jikoni mwake. Akina mama wakatoka na majembe. Mama yangu alikuwa wa kwanza, nami nyuma yake.

"Mulozi ao hapana," alisema njiani, "mutu hawezi kulala mu maji."

Kambo alikuwa amesimama ndani ya maji, kitenge amekipandisha hadi magotini. Mama akaingiza jembe kwenye mdomo wa bomba, akavuta. Ikatoka karatasi ya bluu. Akavuta tena, likatoka donge zima la bluu, limeshikamana kwa sukari na majani. Nikatamani ardhi inimeze. Kambo aliinama, akaokota pipi moja, akaifungua kidogo, akaifunga tena. Kisha akainua macho na kutazama barabara yetu, nyumba kwa nyumba, mpaka juu. Afadhali angetutukana.

Mama akarudisha jembe, nadhani apate tu mahali pa kutazama. Safari hii kikatoka kifurushi cha kaki chenye uzi mwekundu. Kikafuata kingine, halafu vingi. Mama akaacha kuvuta. Akawageukia majirani mmoja mmoja, na kila mmoja akaona kitu cha kutazama mawinguni.

"Hizi njo zangu," mama alisema.

"Na hizi njo zangu," alisema kambo.

Sauti ya mama ikapanda. "Karanga zangu? Minye nilinawa mikono na sabuni ya mupya. Minye, mulozi?"

"Voisine, jirani yangu, hakuna mutu alisema mulozi," jirani wa mlango wa pili akajibu kwa upole. "Tulisema tu, hatuone vile ulipika."

Maneno hayo yalikuwa ya mama mwenyewe, ya kwenye bomba la maji, na aliyatambua. Mfereji ukazibuka, maji yakashuka, majirani wakakumbuka vyungu vyao jikoni wakaondoka. Mama alibaki pale na jembe lake, amelowa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwonea huruma.

"Kambo," akasema, "mu sinia munabakia zingine?"

Kambo aliingia ndani, akatoka na sinia limefunikwa kitambaa. Mama akanyoosha mkono. Kambo akalirudisha sinia nyuma.

"Zako ziko wapi?"

Mama alinitazama tu, nami nikakimbia mpaka nyumbani nikarudi na kifurushi kikavu. Kambo alikata uzi kwa kucha. Akanusa karanga ile, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaiinua kwenye mwanga. Halafu akamrudishia mama.

"Uma mbele weye, minye nitafuata."

Mama akauma. Kambo akangoja atafune na ameze kabisa, ndipo akachukua nusu iliyobaki na kuila kwa upande wenye meno. "Sukari iliungua kidogo," akasema, kisha akamsogezea sinia. Mama alikula pipi ya bluu bila kuinusa. Akala ya pili.

Sinia likaja kwangu. Nilimtazama mama, na sasa ilikuwa zamu yake kutazama mawingu. Nikafungua karatasi. Kambo akanishika kidevu.

"Ni tamu?" akaniuliza.

Sikuweza kumjibu, kinywa kilikuwa kimejaa.