Chenga Zilikuwa za Mtwangaji

Tangu nistaafu kazi ya kuandika programu za kompyuta, watu hawaachi kuniuliza maoni. Kwenye harusi, msibani, hata kwenye foleni ya hospitali, mtu akishajua nilifanya kazi gani ananigeukia: mama, wewe unaionaje teknolojia, inatusaidia au inatuharibu? Wanataka jibu fupi. Mimi sina jibu fupi, nina hasira ndefu, na hasira hiyo haikuanzia kwenye kompyuta. Ilianzia Ifakara, miaka ya hamsini, mashine ya kukoboa mpunga ilipofungwa pale Mlabani, nami nikiwa msichana wa kutosha kushika mchi.

Baba alikuwa amekufa kwa homa. Mama alibaki na nyumba ya udongo, kinu kimoja, na sisi mabinti zake wawili. Kaka yake Mama, mjomba wetu, aliishi ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge, na kila alipokuja kutuona alirudia neno lile lile: mwanamke hakai peke yake mjini, afunge mzigo warudi nyumbani. Mama aliijua nyumba hiyo ya kaka yake na alimjua mke wa kaka yake. Alikuwa anamjibu kwamba siku akishindwa kujilisha atakuja mwenyewe, asihangaike kuvuka mto. Mjomba alikubali kwa shingo upande, akawa anasubiri.

Kujilisha kwenyewe kulikuwa kutwanga mpunga wa watu. Mwenye duka, mwalimu, nyumba yenye mzazi au mgonjwa, wote walileta mpunga wao uani kwetu. Tukatwanga, tukapepeta, tukawarudishia mchele mzima. Punje zilizovunjika, yaani chenga, zilikuwa za mtwangaji, na pumba pia. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, tulizaliwa tukaikuta. Chenga tulikula sisi, na zilizozidi Mama alibadilishana na wavuvi kwa kambale na perege. Pumba zilienda kwa wafuga kuku. Nyumba yetu ilisimama juu ya vitu ambavyo watu wengine hawakuviona kuwa ni vitu.

Na kweli hawakuviona, maana ilikuwa mwiko wa adabu mwanamume kutazama ndani ya ungo. Akipita penye wanawake wanaopepeta, hugeuza uso na kusalimia huku anaangalia njia. Mume aliyeuliza chenga zimetoka kiasi gani alionekana sawa na yule anayefunua chungu jikoni, na habari zake zingefika mpaka kijiji cha Michenga kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo wanaume wa Ifakara walikula wali maisha yao yote bila kujua mpunga unavunjika kiasi gani.

Mama naye alikuwa na mkono wake. Mpunga wa mwenye duka, aliyekuwa na tumbo la kutosha, ulivunjika sana. Mpunga wa mama aliyejifungua jana karibu haukuvunjika kabisa, na hata zile chache Mama alizirudisha ziwe uji wa mzazi. Tukimcheka alisema, "Mchi unajua uko kwa nani." Sijawahi kuona kodi iliyokadiriwa kwa haki kuliko ile, na nimeandika programu za kodi.

Sitaki mtu anielewe vibaya, kwamba nasifu kinu. Anayesema mdundo wa kinu ni muziki hajatwanga. Viganja vilipasuka, kifua kiliuma, wajawazito walitwanga mpaka wiki ya kujifungua na baada ya hapo wakarudi kutwanga mtoto akiwa mgongoni. Iliposikika kwamba mashine inakuja, wanawake walipiga vigelegele, na Mama alipiga pamoja nao. Alijua kazi itapungua, lakini alihesabu kwamba hawatakosekana wasiotaka kwenda mashineni, wazee na wagonjwa, na wale wanaoutaka mchele wa kinu kwa utamu wake. Alikuwa na akili ya kutosha kujua atapata kidogo, na kidogo kilimtosha.

Mwenye mashine alikuwa mgeni, mtu wa kutoka mbali, mwenye heshima zake. Nalisema hili makusudi, kwa sababu wasikilizaji wangu wanapenda mwovu na mimi sina mwovu wa kuwapa. Kabla ya kuwasha alifanya kitu ambacho wengi wa mabosi wangu wa baadaye hawakukifanya: aliita watu kwenye banda lake jipya la mabati akawauliza wanataka nini. Wanaume walikaa kwenye mabenchi mbele. Wanawake tulisimama nyuma, ukutani, kwenye joto la bati.

Wanaume walisema wanataka mchele mweupe, mzima, na wasikae wakisubiri. Mwenye mashine akayaweka akilini, akiitikia kwa kichwa. Kisha akasema yeye hatapandisha bei ya kukoboa, ila vinavyobaki nyuma ya mashine, chenga na pumba, viwe vyake, avifanyie anavyojua. Akauliza kama wanakubali.

Mzee mmoja jirani yetu, aliyetuheshimu na tuliyemheshimu, akajibu kwa niaba ya wote, "Hayo makapi? Chukua, bwana. Hujatunyima kitu."

Wakacheka, wakapeana mikono.

Nilimtazama Mama. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alinyanyua mguu kutaka kwenda mbele, na shangazi yangu, dada wa Baba, akamshika kanga.

"Wifi, utasema nini?" alimnong'oneza. "Utawaambia wanaume kilichomo kwenye ungo?"

Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Ili Mama azidai chenga ilimlazimu azitaje, na azitaje mbele ya wanaume, na aseme ni nyingi. Desturi iliyokuwa imezilinda miaka yote ndiyo hiyo hiyo ilimfunga mdomo. Wanawake wengine walimtazama kwa macho ya kumwomba anyamaze, kwani kila mmoja nyumbani kwake alikuwa na kibuyu cha chenga ambacho mumewe hakukijua. Mama akarudisha mguu. Wanaume walikuwa wamegawa bure kitu ambacho adabu iliwakataza kukitazama, na waliondoka wamefurahi.

Miaka mingi baadaye, Dar es Salaam, nilipokuwa nimeajiriwa kuandika programu, tulitumwa kwenye idara kuuliza wanataka kompyuta iwafanyie nini. Mkuu wa idara alikaa mbele akaeleza. Karani anayeifanya kazi yenyewe alisimama mlangoni na trei ya chai. Mimi nilikuwa nikimaliza kumsikiliza mkuu namfuata karani kumuuliza kazi yake inabakiza nini, na hicho kinachobaki kinaenda kwa nani. Nikaitwa msumbufu, mwanamke asiyejua mipaka. Wenzangu walimaliza kazi zao mapema kuliko mimi, wakapandishwa vyeo mapema kuliko mimi, na programu zao ziliwatupa nje watu ambao hakuna aliyejua kama walikuwa ndani. Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Ninawachukia zaidi kwa hilo.

Mashine ikawashwa. Ilinguruma mchana kutwa, ikatoa mchele mweupe kama wanaume walivyotaka, na ikavunja mpunga wa kila mtu sawasawa, tajiri na mzazi. Watu waliisifu kwa hilo, wakasema mashine haina upendeleo. Ni sifa ambayo nimeisikia tena ikisemwa juu ya kompyuta, na kila nikiisikia natamani kutoka nje. Upendeleo wa Mama kwa wagonjwa ndio uliokuwa bora kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Tuliambiwa kwamba sasa wanawake watapumzika. Msimu uliofuata, waume walipoona kukoboa si tatizo tena, walipanua mashamba bondeni ili wapate mpunga wa kuuza. Nani alipalilia? Wanawake waliokuwa wakitwanga uani, kivulini, wakipiga soga, walikuwa sasa wameinama kwenye maji na ruba, au wamepanda kwenye dungu kufukuza ndege kuanzia alfajiri. Mpaka leo nikiona tangazo la chombo kinachookoa muda, nauliza muda huo atapewa nani. Watu huniona mzee mwenye gubu, na ni kweli ninalo.

Lakini haikuwa hiyo iliyomtoa Mama Ifakara. Kilichomtoa ni rundo.

Nyuma ya banda la mashine chenga zilianza kujaa. Magunia yalipangwa ukutani, yakazidi, yakapangwa nje. Wanaume waliokuja na mpunga wao wakayaona, maana gunia si ungo, na hakuna adabu inayomkataza mtu kutazama gunia. Walisimama wakashangaa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao waliona mpunga wao unavunjika kiasi gani. Nikajua sasa watazidai. Nilikuwa mdogo, nilidhani mtu akigundua amepoteza kitu humfuata aliyekichukua.

Mwenye duka ndiye aliyesema. Tulikuwa tunapita na Mama kwenda kisimani, naye amesimama pale bandani na wenzake, akamwita kwa sauti.

"Mama, njoo uone. Hizi zote ndizo mlizokuwa mnatuibia?"

Wakaangua kicheko. Nadhani alianza kwa utani. Mama akasimama na ndoo yake, na angeweza kuwajibu kwa ukali, kwani kwa maneno hakuwa dhaifu. Alisema, "Shemeji, sijawahi kula ambacho si changu." Basi. Mmoja akasema mkewe naye ana kibuyu, akifika nyumbani atakitafuta. Mwingine akasema kumbe hawa walikuwa wanatutwanga sisi. Hakuna aliyecheka safari hii, na walianza kutazamana kama watu waliofanywa wajinga muda mrefu.

Jioni hiyo ugomvi ulisikika nyumba kadhaa za Mlabani. Wake waliobanwa walijitetea wakitafuta wa kumtupia. Wakasema wao walichukua kidogo tu, ila yule mjane wa pale ndiye aliyejenga maisha kwa chenga za watu. Shangazi aliyemshika Mama kanga kule bandani alisema hivyo pia. Hawakumchukia. Walikuwa na waume wa kurudi kwao, na Mama hakuwa naye.

Tangu hapo hapakuja mpunga uani kwetu, hata wa mgonjwa. Bibi mmoja aliyependa mchele wa kinu kuliko kitu chochote alituma mjukuu wake kwenda mashineni, naye mtoto akapita mbele ya mlango wetu na kikapu. Mama alimwitikia shikamoo yake, "Marahaba, mwanangu," akaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Alikwenda kwa mwenye mashine. Nilikuwa naye. Akamwomba amwachie chenga kidogo kwa kazi yoyote, apepete, ashone magunia. Yule bwana alimkaribisha kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema anamwonea huruma kweli, ila makubaliano yalifanywa na wazee wa hapa hapa, mbele ya watu wote, naye Mama alikuwepo na hakusema neno. Akivunja kwa mmoja itambidi avunje kwa wote. Akaongeza kwamba akitaka anaweza kumuuzia kwa kibaba kama anavyowauzia wafuga nguruwe. Kila alichosema kilikuwa cha kweli. Nimekutana na watu wa namna hiyo katika kila ofisi niliyofanya kazi, wapole, waaminifu kwa makubaliano, wamekaa kwenye viti vizuri, na ningemwelewa kwa urahisi zaidi mwizi.

Mama alimshukuru. Wiki ile tulikula mboga za majani na mihogo ya kuomba. Aliyeomba ni dada yangu, lakini Mama alijua imetoka wapi. Akatuma salamu ng'ambo ya mto.

Mjomba alikuja na mtumbwi. Namshukuru kwamba hakusema "nilikuambia". Alibeba mizigo, akamsaidia dada yake kupanda, na njia nzima alizungumza habari za mvua. Nyumbani kwake tulipewa chumba cha nyuma. Wifi yake Mama hakututukana hata siku moja, ila jiko lilikuwa lake, na alijua kulifanya lijulikane kuwa lake.

Siku ya pili au ya tatu Mama alipika wali, maana wifi alikuwa shambani. Mchele ulikuwa wa mashine, mweupe, mzima, hauna chenga hata moja. Aliuchemsha mpaka karibu na kuiva, kisha akasimama. Kopo la chumvi lilikuwa hapo hapo, kwenye rafu, karibu na kiwiko chake. Nilimwambia, "Mama, chumvi hiyo hapo." Aliepua chungu, akakifunika, akakaa kwenye kigoda akiwa amepakata mikono. Wali ulipoa. Wifi aliporudi na jembe begani, Mama aliinuka, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtoto aliyetumwa kwa jirani, akamwambia, "Wifi, samahani, naomba chumvi."