Kijana Aliyeponywa Homa Bay

Mtoto wa mama mdogo alizaliwa akisikia. Homa ya utotoni ndiyo iliyomziba masikio, kabla hajatembea vizuri, na mama mdogo hakukubali kwamba kitu kilichokuja kwa ugonjwa hakiwezi kuondoka kama ugonjwa. Tuliishi ploti moja mjini Migori miaka ile ya tisini, yeye na mwanawe upande mmoja wa ua, mimi na mama upande wa pili. Mumewe alikuwa amefariki. Baba yangu alikuwa akifanya kazi mbali, kwenye mashamba ya miwa.

Kijana huyo alinizidi mwaka mmoja. Watoto wa ploti walimwita momo, yaani bubu. Hakuwa bubu. Alikuwa na sauti nene iliyomtoka akicheka, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko yetu sote, ila yalikaa mikononi. Alisoma shule ya viziwi, ya bweni, na kwa kuwa haikuwa mbali aliruhusiwa kuja nyumbani kila Ijumaa. Lugha ile ya mikono alinifundisha yeye, kwa ukali, akinipiga kofi dogo la kidole kila nilipokosea. Watu wote aliwapa majina. Mimi aligusa nyusi yake, kwa sababu yangu ina kovu. Mama alikuwa mkono unaopepeta wimbi. Mama mdogo alikuwa kidole kinachofuta chozi, na siku nilipomweleza mama mdogo jina lake hakulipenda.

Jumamosi ilikuwa siku yetu. Asubuhi tulifua mtoni, tukaanika nguo juu ya majani, na zilipokauka tulizikunja upesi tukazirudisha nyumbani, kisha tukakimbilia video. Ukumbi wa video ulikuwa kibanda cha mabati nyuma ya soko, madirisha yamezibwa kwa magunia. Filamu zilikuwa za Wachina wanaopigana, zimesemwa Kichina chao, na jenereta ilinguruma pale mlangoni hata Mchina mwenyewe asingeambulia neno. Mle ndani sote tulikuwa viziwi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na uzoefu.

Alikuwa akitazama mabega ya watu, na jinsi mtu anavyoweka kikombe mezani, halafu ananigusa: huyu mwenye ndevu atamsaliti bwana wake, yule msichana anajua lakini anaogopa. Na mara nyingi ikawa hivyo. Watu wa benchi letu walipogundua wakaanza kuniuliza amesema nini, nami nikawatafsiria, mpaka safu nzima ikawa inaifuata filamu kwa mikono yake. Jenereta ilipokaribia kuzimika, yeye ndiye aliyejua kwanza, maana kiganja chake kilikuwa juu ya ubao wa benchi siku zote. Ardhi ilipotikisika, ngoma ilipopigwa, lori lilipopita barabarani, alivijua vyote kwa mwili. Jumapili kanisani alivua kiatu, akaweka mguu karibu na ngoma ya kwaya, akatikisa kichwa kwa mapigo sahihi kuliko wazee wa kanisa.

Wakati huo sikuwa na shida yoyote na Mungu. Niliona kwamba kama anaelewa Dholuo na Kikuria na Kiingereza cha pasta wetu, mikono haiwezi kumshinda. Kijana huyu aliombea chakula kwa mikono, haraka haraka, akawa ameshamega ugali sisi bado tumefumba macho.

Kisha likaja tangazo la mkutano mkubwa wa injili Homa Bay. Mhubiri alikuwa anatoka mbali, na ilisemekana vilema wametupa magongo kila alikopita. Kanisa letu likakodi lori. Tuliondoka Ijumaa alasiri, yeye akiwa ametoka shuleni na sanduku lake la mabati bado liko mkononi, tukapanda pamoja na mabenchi ya kwaya na masufuria. Kwangu ilikuwa sherehe. Sikuwa nimewahi kuliona ziwa. Lori lilipopanda kilima cha Rodi Kopany na maji yakajitokeza chini kule, mapana, yana rangi ya chuma, nilimshika mkono nikamvuta atazame. Jumamosi asubuhi tuliteremka ufuoni tukala samaki wa kukaanga kwa vidole, akaniigizia wavuvi mmoja mmoja, jinsi kila mmoja anavyotembea, mpaka mwanamke aliyetuuzia samaki akacheka akatuongeza kichwa cha mbuta.

Hakujua kwa nini ameletwa. Mama mdogo alikuwa ameniambia nisimweleze, eti shaka yake ingeweza kuzuia muujiza.

Alasiri uwanja ulijaa. Jukwaa lilikuwa la mbao juu ya mapipa, spika kubwa kila upande. Mhubiri alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya upole, nami nilimpenda, siwezi kusema uongo. Wagonjwa walipoitwa, mama mdogo alimshika mwanawe kiwiko akampandisha ngazi. Nilimwona akinitafuta kwa macho, akiuliza kwa nyusi kuna nini.

Mhubiri akamtia vidole masikioni. Akamwamuru pepo wa uziwi atoke, na mkalimani akalirudia agizo lile kwa Dholuo kwa hasira zaidi kuliko mwenye maneno. Kisha akamgeuza uso kuelekea ziwani, akarudi nyuma hatua chache, akapiga makofi na kukanyaga jukwaa kwa nguvu.

Kijana akageuka.

Uwanja ulilipuka. Mhubiri akamgeuza tena, akakanyaga tena, kijana akageuka tena, sasa akitabasamu, maana alidhani ni mchezo na amekwisha kuuelewa. Halafu mhubiri akasimama mbele yake, akasema jina la Yesu polepole, midomo imefunguka sana. Shuleni kwao walifundishwa pia kuiga midomo. Akatoa sauti yake nene: "E-su." Mama mdogo alianguka kifudifudi kwenye mbao.

Nilikuwa chini pamoja na mama. Nikamwambia kwamba amesikia kwa miguu, kwamba mbao zile ni kama benchi la video. Mama alinifinya shingo mpaka nikanyamaza. Nilipojaribu tena, alinizaba kofi, akaendelea kuimba.

Njiani kurudi, Jumapili, kila mtu ndani ya lori alitaka kumpigia kelele sikioni. Yeye alicheka, kwa sababu watu ambao hawakuwahi kumshika sasa walimshika kichwa na mabega. Akaniuliza wamefurahia nini. Nikamwambia wanasema unasikia. Alicheka kwa kishindo, akanitazama nicheke naye, akaona sicheki. Akaitazama mikono yangu kana kwamba imekosea tena.

Jumatatu hakurudishwa shuleni. Mama mdogo alisema kumpeleka aliyeponywa kwenye shule ya viziwi ni kumtukana Mungu. Sanduku la mabati likawa meza ya kuwekea taa. Akaandikishwa shule ya msingi ya jirani, darasa la watoto wadogo kwake, na mwalimu aliyeambiwa kwamba huyu anasikia akamchukulia kama mtoto anayesikia na asiyetii. Alichapwa kwa kutojibu. Akajifunza kujibu, "Ndio," akachapwa kwa kujibu ovyo.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa nyumbani kulikuwa na upendo. Mama mdogo hakumpiga kwa chuki. Alimpiga huku akilia. Alisimama nyuma yake akamwita, na asipogeuka, mwiko ulimtua mgongoni. Mikono aliikataza kabisa. Alisema ile ndiyo kamba ambayo kwayo pepo angerudi. Akimwona anaashiria hata kuomba chumvi, alimgonga vifundo vya vidole kwa ule mwiko wa ugali. Vikavimba, vikapona, vikavimba tena. Nami nikakatazwa kuongea naye isipokuwa kwa mdomo.

Video ikakatazwa vilevile, kwake na kwangu. Niliwahi kutoroka Jumamosi moja nikaenda peke yangu. Nilikaa kwenye benchi lile lile, nikatazama watu wakirushiana mateke bila sababu, na nikatoka kabla haijaisha.

Kijana yule akabadilika. Watu walikuja kumjaribu, hasa baada ya ibada: akina mama wa kanisa, wageni wa pasta, vijana wa kwaya waliofanya utani. Walijificha nyuma yake wakaita. Akaanza kukaa na mgongo ukutani. Alipotembea aligeuka kila mara, bila kuitwa, kama kuku anayekula uani, ili ikitokea kuna anayeita, awe amegeuka. Wengi waliridhika. Walisema, umeona? Mama mdogo alitoa ushuhuda huo kila mwezi, na alipoutoa alikuwa mzuri wa sura kuliko nilivyowahi kumwona.

Mimi nilikuwa bado naamini, na hilo ndilo lililonitesa. Niliomba Mungu amponye kweli. Nilimweleza kwamba kwa kuwa jambo limekwisha kutangazwa kwa jina lake, ni aibu yake pia, na kwake si kazi kubwa. Kila asubuhi nilipoamka nilivuka ua kumtazama, nikitarajia. Nilikumbuka hadithi ya yule kiziwi tuliyofundishwa katika shule ya Jumapili, ambaye Yesu alimtoa kwanza kwenye umati, akaenda naye kando, wawili tu. Kwa nini alimtoa kando? Nililiuliza swali hilo darasani na mwalimu akasema tuendelee.

Mwishowe nilimwendea pasta wetu. Nilimkuta akifunga mbuzi nyuma ya kanisa. Nilimweleza yote: mbao, benchi, mwiko, vifundo. Hakunikatiza hata mara moja. Alimaliza kufunga kamba, akanishika bega kwa wema.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "unataka tumrudishie Mungu zawadi yake?"

Nikasema hasikii, pasta. Akaniambia niombe nisiwe mlango wa shaka katika nyumba ile. Jioni hiyo mama alijua kila nilichosema, na mama mdogo hakunisemesha kwa muda mrefu.

Mwaka ulipozunguka, wageni kutoka Homa Bay walikuja kuadhimisha miujiza ya mkutano ule. Kanisa letu lilikuwa limemwagwa sakafu ya saruji. Kijana akasimamishwa mbele katika shati jipya, na mzee mmoja wa wageni akasimama nyuma yake akamwita kwa jina, kwa heshima kabisa. Hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi, nami nilikuwa nimeweka mikono mapajani. Ningemwashiria angegeuka. Lakini mama mdogo alikuwa amekaa ubavuni pangu, na alikuwa ameikamata mikono yangu yote miwili. Mzee akaita tena. Akakanyaga chini. Saruji haikusema kitu.

Minong'ono ikaanza nyuma ikaja mbele. Mama mdogo akaniachia, akatembea mpaka pale, akamzaba mwanawe kofi mbele ya madhabahu, na lingine, mpaka pua ikatoka damu kwenye shati. Hakuna aliyemzuia. Pasta akainua mkono, akaeleza kwa upole kwamba uponyaji unaweza kupotezwa na aliyepewa asipouishi, na kwamba kijana huyu aliitunza lugha ya kale kwa siri. Afunge, atubu. Waumini wakasema amina. Kwa hiyo hata kuwa kiziwi kulikuwa sasa kosa lake.

Alitembea akatoka mlangoni. Walidhani amekwenda kunawa. Hatukumwona tena ploti ile.

Nilimpata baada ya kumaliza kidato cha nne. Vijana wa kanisa letu walikuwa wamekwenda kuimba Sindo, kando ya ziwa, wikendi moja, na mimi nilikuwa bado naenda nao, kwa kuwa sikujua Jumapili inafanywa nini kingine. Alikuwa ufuoni akigeuza dagaa juu ya nyavu kuukuu, mtu mzima sasa, mgongo mpana. Wenzake walimwita Momo bila ubaya. Nikazunguka nikasimama mbele yake, nikagusa nyusi yangu.

Alinijua. Lakini nilipoanza kusema naye, mikono yangu ilijikwaa. Maneno mengi yalikuwa yamenitoka. Yake yalikuwa yamemtoka zaidi. Alikuwa amebaki na ishara za ufuoni, zile ambazo mtu yeyote angezielewa: kula, beba, upepo, kisiwa cha Remba, ambako alisema huvua msimu ukiwa mzuri. Yule aliyeusimulia usaliti wa mtu mwenye ndevu hakuwepo. Tulisimama tukisaidiana kutafuta neno, tukalikosa, akapuuza kwa mkono.

Kisha akafuta chozi lisilokuwepo kwa kidole kimoja, akiuliza. Nikamwambia yu hai. Akagusa sikio lake, akanyoosha kidole mbali, upande wa Migori, akainua nyusi: bado anasema? Nikamwambia bado. Ile sauti nene ikamtoka, watu wakageuka kututazama. Kisha akainama akaendelea na dagaa, kwa sababu mawingu yalikuwa yanakuja nao walikuwa hawajakauka.

Nilipomweleza mama mdogo kwamba nimemwona, aliacha kuchambua mboga. Sikuulizwa kama anakula au anaumwa.

"Ulimwita?" akauliza.

Nikasema sikumwita.

"Ungemwita," akasema, "angegeuka."

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwamba mwanawe amepatikana, mzima, anafanya kazi ziwani, na watu wakaimba. Niliimba nao ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, na tangu hapo ibada zangu nyingi nimezifanyia pale, karibu na mlango, nikizungumza na Mungu polepole kwa maneno machache niliyobaki nayo mikononi. Sijui kama anaelewa.