Mama alihariri hotuba yangu wakati naisoma

Leo nimelitangazia darasa zima maoni ya mama yangu, kwa sauti yangu mwenyewe.

Mnanijua, mimi siongei mbele za watu. Lakini nilikuwa nawania nafasi ya mwisho kwenye timu ya mdahalo, na mwalimu aliruhusu tusome kwenye simu.

Mada: je, mzazi ana haki ya kupekua simu ya mtoto?

Mimi nilipinga. Niliandika wiki nzima.

Nilisahau kitu kimoja tu. Simu yangu inatumia akaunti ya mama, kwa hiyo kila ninachoandika kinatokea pia kwenye tableti ya sebuleni, kule nyumbani Nyamirambo.

Aya ya kwanza niliisoma vizuri. Ya pili nikajisikia nikisema, "Hata hivyo, mtoto asiye na la kuficha haogopi kupekuliwa."

Sikuandika hivyo mimi.

Nikaangalia kioo cha simu. Maneno yalikuwa yanaongezeka yenyewe, herufi kwa herufi: "Na tumshukuru Mungu kwa kutupa wazazi..."

Darasa likaangua kicheko. Nafasi akapewa Aline, tuliyekuwa tukiiwania naye.

Nyumbani mama hakuona hata aibu. "Lakini mwanangu, nilikusaidia tu. Hukuwa umesalimia hata walimu."

Eti kusaidia!

Nikajifungia chumbani, nikaandika palepale chini ya hotuba: "Mama, usiguse tena maandishi yangu."

Chini yake pakatokea: "Tafadhali iko wapi? Njoo ule."

Isombe, mboga yake ya majani ya muhogo, inapoa na sijatoka. Niambieni kama nakosea.