Shamba Letu Kwenye Bango la Wawekezaji

Nililitambua kabla mashine haijamaliza kulichapa. Kwanza lilitoka anga, kisha matawi ya mkuyu, kisha kichuguu kilichoegemea upande mmoja, na nyuma yake ufuta umesimama mpaka kwenye kijito. Lilikuwa shamba letu. Chini yake, kwa herufi nyekundu: ARDHI IPO WAZI. NJOO UWEKEZE.

Nina karakana ndogo ya kuchapa mabango Gongo la Mboto. Wilaya yetu iko mbali huko kusini, na mwaka huo halmashauri ilikuwa inaandaa mkutano wa wafanyabiashara ukumbini Temeke, ili kuwavuta wakajenge viwanda kwetu. Afisa wao wa biashara alinipa kazi kwa kuwa mie mtoto wa nyumbani. Nilifurahi. Miaka mingi nimewachapia watu wa wilaya nyingine mabango ya namna hiyo.

Nikampigia simu.

"Mzee, hii picha ni shamba la familia yetu. Makaburi ya wazee yapo hapo kushoto, mmeyakata tu kwenye picha."

"Braza, usipaniki. Hiyo ni picha ya kuonyesha mandhari."

"Imeandikwa ardhi ipo wazi."

"Sasa limepimwa? Mna hati?"

Hatukuwa na hati. Kijiji kizima hakina. Nilikata simu.

Shangazi yangu, ambaye ndiye analima shamba hilo, alikuwa amekaa pale pale karakanani. Alikuja Dar kutolewa mtoto wa jicho, na kwa kuwa nyumbani mchana hakukuwa na mtu, nilikuwa nashinda naye kazini. Aliinuka, akaliinamia bango kwa lile jicho lililokwisha kupona.

"Haa! Mkuyu wetu huu! Nani kaupiga picha? Umependeza."

Nikamsomea maneno. Nilitegemea atapandwa na hasira kama mie. Akauliza, "Wanataka kuleta kiwanda cha nini?"

"Sijui. Labda cha kukamua mafuta."

"Basi kije."

"Shangazi, watachukua shamba!"

"Waje tuongee. Mie magoti haya nitalimia mpaka lini? Wewe umeshika jembe pale lini mara ya mwisho?"

"Babu amelala pale."

"Na anayemfagilia ni nani?"

Moyoni nikasema, mzee huyu hajui mambo ya mjini. Atawekeshwa dole gumba kwenye karatasi na asubuhi ataambiwa ahame. Nilimpigia tena afisa, nikamwambia bango hilo halitoki kwangu, na akilazimisha nitawaita ndugu zangu wote waje ukumbini. Akasonya, lakini akaleta picha nyingine kwenye flashi. Ilikuwa ya trekta jekundu katikati ya ngano. Kwetu hakuna aliyewahi kupanda ngano. Nikachapa.

Siku ya mkutano shangazi alikataa kubaki nyumbani. Alijifunga kanga mpya, akakaa safu ya mbele. Mezani maji ya chupa, sambusa, na hotuba ndefu kuhusu fursa. Wengi walikuwa wanachezea simu. Mtu mmoja tu aliuliza maswali ya maana, mwenye mashine ya kukamua mafuta huko Mtoni.

"Masika lori linafika?"

"Barabara ipo kwenye mpango," afisa akajibu.

"Umeme?"

"Upo."

Upo kweli, ukiamua kuja. Nilitamani kusimama niseme hivyo, nikaona nitakuwa nimeiharibia wilaya yangu mara ya pili.

Wakati wa chai, shangazi alimfuata yule mtu. Nilipofika walikuwa wamesogeza viti, anamweleza ufuta wetu unavyokomaa, maji ya kijito yanakauka lini, vijana wangapi wamekaa bure kijijini. Yule bwana alikuwa ameacha sambusa yake, anasikiliza.

"Ni sehemu gani hasa, mama?"

"Ngoja nikuonyeshe, ipo kwenye bango." Akageuka, akazunguka ukumbi mzima na kope zimekazwa. Akarudi kwangu. "Liko wapi?"

"Nililitoa, Shangazi."

"Ulimuuliza nani?"

Yule bwana akatazama chini, akasema kwa upole kwamba atafikiria, ila barabara ndiyo inamtia wasiwasi. Akamuaga shangazi kwa heshima, akaondoka. Afisa alikuwa anapigwa picha na waliobaki.

Siku namsindikiza Shangazi stendi ya Mbagala kupanda basi la kusini, ndipo aliposema.

"Mwanangu, kulinda shamba si vibaya. Lakini anayelinda hukaa kwenye dungu, kule kule shambani. Wewe unalinda ukiwa Gongo la Mboto."

"Shangazi, mie nina kazi huku."

"Najua," akasema, akapanda.

Hakuna kiwanda kilichokwenda. Barabara bado ipo kwenye mpango. Sasa analima jirani kwa kugawana mavuno, maana magoti yamemshinda kabisa shangazi. Ufuta unapakiwa kwenye malori kuletwa Dar, na yule bwana wa Mtoni amepanua karakana yake, ameajiri vijana, baadhi nawasikia lafudhi zao ni za kwetu. Nikipita pale kupeleka mabango, mashine inanguruma na harufu ya ufuta imejaa barabara nzima. Bado naamini wasingetulipa haki yetu. Bado nina hasira na yule afisa na trekta lake. Lakini hasira hiyo nikiitafutia mtu wa kumwambia, simpati. Shangazi nikimpigia simu huniuliza tu watoto hawajambo, na kama huku mvua imenyesha.