Hali ya Ndoa ya Khadidja

Hoteli ya Kajaga ambako Khadidja hupiga pasi mashuka ilitangaza kwamba kuanzia mwezi uliofuata hakuna mfanyakazi atakayelipwa mkononi. Mishahara itapita benki. Asiye na akaunti atafute kazi kwingine. Wenzake, Warundi, walilimaliza jambo hilo kwa asubuhi moja. Khadidja ni Mkongomani wa Uvira mwenye kadi ya mkaazi wa kigeni, na mgeni akiingia benki huulizwa mara mbili. Nayajua hayo kwa sababu nimekuwa mgeni katika miji mingi, na siku zile nilikuwa nimepanga chumba kwenye ua anakoishi, mtaa wa Buyenzi, nami nikitafuta pa kuweka pesa zangu.

Tulizunguka pamoja. Benki ya kwanza ilitaka kiasi cha kuanzia ambacho hata mimi kilinishtua. Ya pili ilitaka barua kutoka benki yake ya kwao.

"Kwetu benki ilikuwa fundo la kitenge," Khadidja akasema tukitoka. "Nani ataniandikia barua? Kitenge?"

Ya tatu, ndogo, karibu na soko, ilitaka kadi ya ukaazi, cheti cha makazi kutoka ofisi ya zone, yaani serikali ya mtaa, na picha. Akaichagua hiyo. Aliyetupokea aliitwa Spès, msichana mpole mwenye sauti ya chini. Akapitia karatasi moja baada ya nyingine, akaridhika, kisha akasita.

"Mama, kadi yako inasema mariée, umeolewa. Tunaomba kopi ya kitambulisho cha bwana."

"Hayuko."

"Amesafiri?"

Khadidja akaivuta kadi yake karibu.

"Kama alikufa, tunaandika veuve, mjane, si mbaya. Unaleta karatasi ya zone na mashahidi wawili waliomjua."

"Apana," Khadidja akasema. Akakusanya vitu vyake, tukaondoka.

Ilias, mumewe, alikuwa fundi magari. Walipokimbia vita Uvira, walivuka mpaka na mabegi ya nguo tu, na kesho yake Ilias akarudi kuchukua sanduku la vifaa vyake, hasa funguo zake za nati. "Fundi bila funguo ni mutu gani?" alimwambia mkewe. Hakuna aliyemwona tena, akiwa hai wala maiti. Tangu hapo, alfajiri, kabla adhana haijaisha, Khadidja humsikia uani akifungua bomba, akikohoa, akitawadha. Akitoka nje hakuti mtu. Ardhi chini ya bomba imelowa. Chumba changu kilikuwa karibu na bomba hilo, nami nilisikia maji. Nilijiambia kwamba saa ile nusu ya Buyenzi inatawadha. Lakini sikuwahi kufungua mlango kutazama.

Sumaya, jirani wa ukuta kwa ukuta, naye wa Uvira aliyemjua Ilias, alimtania waziwazi: "We Khadidja una bahati. Bwana yako anakuja kunawa, anaenda. Wangu anakuja kula!"

Khadidja alicheka naye. Ambacho hakukichekea ni eda. Hakuwahi kuikaa: miezi minne na siku kumi za mjane, bila manukato, bila hina, bila kulala nje ya nyumba yake. Angeikaaje, wakati kuikaa ni kukubali? Kwa Spès, veuve kilikuwa kisanduku cha kutia alama. Kwa Khadidja ilikuwa siku ya msiba. Akitia alama ile, Ilias anakufa siku hiyohiyo, kwa mkono wake yeye. Asipoitia, kazi inakwenda, na chumba kinafuata.

Mwisho alimwendea Khaled, mdogo wake Ilias, ambaye ana gereji mitaa michache kutoka kwetu. Khaled alikuwa chini ya gari. Ilionekana miguu tu.

"Shemeji, nataka unishuhudilie."

"Nishuhudie nini?"

"Kwamba Ilias amekufa."

Miguu ikatulia. "Unataka mi nimuzike ndugu yangu juu ya mashuka ya hoteli?"

"Mashuka ndiyo yananilisha, Khaled."

"Na akipiga hodi kesho? Nimuambie nini? Karibu, marehemu?"

"Anakuja kila asubuhi," Khadidja akasema. "Anatawadha. Anakohoa."

Khaled akajivuta kutoka chini ya gari polepole, uso umejaa oili. "Anakohoa vile vya tumbaku?"

"Vilevile."

Akajifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, hata ilipokwisha kutakata. "Hapa anatafuta funguo," akasema. "Nikifungua asubuhi nakuta zimehamishwa. Nilisema ni panya. Panya gani anachagua namba kumi na tatu?" Akatupa kitambaa. "Amechoka, shemeji. Tumpumzishe. Twende."

Shehe wa mtaa aliwaambia kwamba mjane asiye na wa kumlisha anaweza kutoka mchana kwa kazi, ilimradi alale kwake. Kwa hiyo eda isingemzuia kwenda Kajaga. Lililobaki lilikuwa kulitamka neno lenyewe. Khaled na Sumaya walitia sahihi ofisi ya zone. Siku hiyo Sumaya hakutania mtu.

Tukarudi benki sisi watatu, Khadidja, Khaled na mimi. Spès alisoma karatasi, akatoa pole, akagonga muhuri. Khadidja aliweka sahihi za mfano.

"Imebaki moja, mama. Mungu atulinde, lakini ukifa, pesa zichukuliwe na nani?"

Hana mtoto. Nilidhani atamtaja Khaled.

"Ilias," akasema.

"Ilias yupi?"

"Bwana yangu."

Spès akaitazama karatasi ya zone, akamtazama yeye. "Mama, ndiye huyu uliyeniletea karatasi yake. Amekufa."

"Nimesikia. Andika."

Msichana akamgeukia Khaled, kama mtu anayetafuta mwenye akili timamu mezani. Khaled alikuwa ameinamia magoti yake.

"Andika, dada," akasema. "Akirudi atakuwa na njaa."

Kalamu ikakaa hewani. Kisha Spès akaandika jina na, kwa mazoea tu ya kazi, akauliza namba ya simu ya mrithi. Khadidja akaitaja kwa kichwa, taratibu, akisubiri kila tarakimu iandikwe.