Mshokishoki wa Mzee Pasi

Baba alifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mzee Pasi. Kazi hiyo ilimkazia kichwani jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kulitoa: kuchambua. Shuka zima linarudi wodini, lenye tundu linatupwa. Baba hakuwa na rundo la katikati.

Alipostaafu tukahamia nyumba yetu wenyewe, vyumba vitatu na ua wa hatua kumi na nane kwa nyuma. Mama alitaka mparachichi na mpera.

"Hiyo inavumilia baridi," alisema, "na tutakula bado tuna meno."

Alisema kweli. Kwetu miezi ya baridi si mchezo. Kuna asubuhi nyasi huwa nyeupe na maji ya ndoo hushika utando wa barafu. Lakini Baba alikuwa na ahadi yake. Mama alizaliwa nchi ya joto, mwendo wa siku mbili kwa basi, na zamani za uchumba Baba alimwambia kwamba iko siku atakula mashokishoki ya kwao akiwa ameketi mlangoni kwake. Mama alikuwa ameshasahau. Baba hakusahau, na mimi nasema afadhali angesahau.

Akaagiza matunda, yale mekundu yenye manyoya. Akatoa kokwa kumi, akazifunga kwenye flana iliyolowa, zikaota tano. Fundi wa miche, rafiki yake wa siku nyingi, alimwonya mapema.

"Mzee Pasi, mshokishoki wa kokwa ni bahati nasibu. Mingine ni madume, haizai mpaka kiama. Nunua mche uliounganishwa na tawi la mti unaozaa. La sivyo, panda yote mitano, usubiri uone."

Baba akarudi nyumbani, akaipanga ile mitano ukutani, akauchagua uliokuwa mrefu kuliko yote. Minne akaitupa jalalani.

"Yenye kasoro haipandwi," alisema.

Ndipo utumwa ulipoanza. Kila msimu wa baridi Baba alisimamisha nguzo nne kuuzunguka mti, akazitandikia mablanketi na mashuka chakavu, na jioni Mama akachemsha madebe mawili ya maji ya kuweka shinani. Mti ulipopita kimo cha mtu ikaja ngazi ya mbao, inayumba kama mlevi. Baba alipanda, Mama akashika. Mimi nilikuwa nimeolewa mtaa wa pili, nikajitolea kumpokea Mama kazi hiyo. Baba akasema mikono yangu haina utulivu.

Sasa sikiliza kilichonikaa rohoni. Mama alikuwa mpishi wa shule, na likizo ndefu ya shule ilikuwa moja tu, ile ya miezi ya baridi. Kila mwaka alitoa begi juu ya kabati akaomba wiki mbili akamwone mama yake. Kila mwaka Baba alimwangalia kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Nani atashika ngazi, Mama watoto? Mti wako huu."

Begi likarudi juu ya kabati. Bibi alikuwa akipiga simu kuuliza, na Mama akijibu, "Mwakani, mama, Mungu akipenda."

Mwaka wa saba Bibi alifariki. Simu ilikuja jioni, Mama akiwa ameshika ngazi. Aliipokea kwa mkono mmoja, akasikiliza, akaitikia mara mbili. Ule mkono mwingine hakuuachia mpaka Baba aliposhuka. Bibi alizikwa kesho yake, na basi ni siku mbili. Baba alilia kuliko Mama, kisha akaenda kuweka madebe.

Mwaka wa tisa mti ukatoa maua. Baba aliita majirani, akaweka kiti cha Mama mlangoni, akavaa shati alilolipiga pasi mara mbili. Fundi wa miche akavunja kishada kimoja, akalipasua ua moja kwa ukucha juu ya kiganja chake. Akavunja kingine upande wa pili wa mti.

"Dume," alisema hatimaye. "Pole, Mzee Pasi. Hapa ni chavua tupu."

Majirani wakaondoka mmoja mmoja. Mama hakuinuka kitini.

"Baba watoto," alisema, "mimi sikukuomba mti. Nilikuomba wiki mbili."

"Nilikuwa natimiza ahadi yangu kwako."

"Yako, ndiyo. Kwangu haikufika."

Akaingia ndani, akashusha begi. Kesho yake alipanda basi kwenda kwa dada yake, kwenye nyumba ambayo mama yake hayumo tena. Nilimsindikiza mimi. Sikumwomba arudi, na sijutii.

Baada ya miezi minne, katikati ya joto, likaja boksi kutoka kwa Mama, kwa basi. Mashokishoki, yamejaa hadi juu. Nilimpelekea Baba.

"Hakusema anarudi lini?" aliuliza.

"Hakusema."

Alilimenya moja kwa kidole gumba, akala taratibu, macho yakamlowa. Nilimhurumia. Nikadhani sasa ameelewa, nikavuta kiti nikae naye.

Aliitema kokwa kiganjani, akaigeuza kwenye mwanga, kisha akainuka kwenda kwenye kamba ya nguo. Alirudi na flana, akailowesha bombani.

"Safari hii sichambui, napanda yote," alisema. "Mwambie mama yako avumilie. Miaka tisa si mingi."